Dondoo muhimu: Simu wakati wa likizo ya Agosti

Shule zikifungwa, mwanafunzi wa Gredi ya 7 hadi 9 hushinda na simu mchana kutwa. Wazazi, anzeni na umri. TikTok haifungulii akaunti mtoto wa chini ya miaka 13, na ya mwenye miaka 13 hadi 15 huwa ya faragha tangu mwanzo. Akidanganya mwaka wa kuzaliwa, anaipoteza kinga hiyo, kwa hiyo ujazeni pamoja.

Kwenye WhatsApp, ingieni mipangilio ya faragha, mruhusu walio kwenye orodha yake ya majina tu kumwingiza kwenye makundi. Picha ya sare yenye nembo ya shule asiiposti: inamwonyesha mgeni pa kumpata. Usiku simu ilale chumbani kwa wazazi.

Zito zaidi ni vitisho. Mtu akimdai picha za mwili wake, au pesa ili asizisambaze, mtoto asilipe wala asifute ujumbe. Ahifadhi ushahidi, amzuie mtu huyo, aje kwenu. Nanyi msimnyang'anye simu siku hiyo, maana safari nyingine atanyamaza. Nchini Kenya, nambari 116 ya Childline hupigwa bure, saa 24.