Picha ni ya Mzazi, Sura ni ya Mtoto

Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000. Shule hiyo ilikuwa imetundika mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mzazi akisikia habari kama hiyo, mkono huenda ukamtetemeka anapotaka kuweka stetasi ya mwanawe akikata keki.

Atulie. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 51, haimgusi mtu anayeshughulikia mambo yake binafsi au ya nyumbani pekee. Albamu ya familia, fremu ya sebuleni, picha aliyotumiwa bibi kijijini: hakuna wa kumdai mzazi kibali.

Ubishi huanzia pale picha inapovuka kizingiti. Mei 2020, mahakama ya Gelderland nchini Uholanzi ilimwamuru bibi mmoja afute picha za wajukuu zake kwenye Facebook na Pinterest, la sivyo alipe euro 50 kwa kila siku ya ukaidi, mwisho euro 1,000. Bintiye, mama wa watoto hao, alikuwa amemsihi azitoe, naye akagoma. Bibi huyo hakuwa akiuza kitu. Mahakama iliona tu kwamba picha ikishakuwa Facebook huenda ikafika kwa watu baki, na hayo si ya nyumbani tena. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Nairobi. Hata hivyo, sheria ya Kenya imechota mengi kutoka ile ya Ulaya, na wakili mwerevu hatasita kuutaja.

Je, picha yenyewe ni mali ya nani? Mzazi aliyeipiga kwa simu yake ndiye mwenye hakimiliki, hata asipoisajili popote. Studio ndiko wengi wanakopunjwa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Kwa hiyo mpiga picha anayemtundika mtoto dirishani kuvutia wateja anaweza kuambiwa amtoe, na kifungu cha 37 cha sheria ya data nacho kinambana kwa kutumia sura ya mtu kibiashara bila ridhaa. Ni vyema kusoma yale maandishi madogo ya risiti kabla ya kulipa, maana huko ndiko “makubaliano” hujificha.

Shuleni mambo ni makali zaidi. Kifungu cha 33 cha sheria ya data kinataka mzazi au mlezi aridhie, na tena matumizi ya data yalinde haki na maslahi ya mtoto. Moja bila jingine halitoshi. Ridhaa inaweza kuondolewa wakati wowote, na shule ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba iliipata. Mzazi asiyeridhika aanze kwa kuhifadhi nakala ya ukurasa wenye picha, kisha aiandikie shule aombe iondolewe. Wakimpuuza, apeleke malalamiko kwa Kamishna. Hata asiyejua kuandika anaweza kuyatoa kwa mdomo, yakaandikwa na ofisi hiyo, nayo inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90.

Nchi jirani ya Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ya kusikiliza malalamiko.

Wazazi walioachana ndio wenye kesi ngumu. Ufaransa ilitunga sheria Februari 2024 inayomruhusu hakimu kumzuia mzazi mmoja kusambaza picha za mtoto bila idhini ya mwenzake. Kenya haina kifungu kama hicho, lakini ibara ya 53 ya Katiba inayaweka mbele maslahi ya mtoto. Baba akilalamika kortini kuhusu picha alizotundika mama, au mama kuhusu za baba, hakimu atauliza kwanza zinamfaa nini mtoto.