Nafasi ya Kiswahili katika Ombi la Ufadhili wa Utafiti wa Demensia: Mfano wa Njiru, Nairobi

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna lugha inavyoweza kujenga au kubomoa pendekezo la utafiti linaloomba fedha za kuboresha matunzo ya wazee wenye demensia. Njiru imechukuliwa kama mfano wa mazingira ya mjini yenye lugha nyingi. Hoja kuu ni kwamba kazi ya lugha haina budi kuonekana katika mbinu na katika bajeti ya pendekezo tangu mwanzo.

1.0 Utangulizi

Demensia ni jina la jumla la hali zinazodhoofisha kumbukumbu, fikra na uwezo wa mtu kuyamudu maisha ya kila siku. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo chake kikuu. Ingawa huwapata zaidi wazee, si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na hali hii, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Hata hivyo, fedha za utafiti hazikuwafuata wagonjwa. Kundi la watafiti lililoanzishwa mwaka 1998 lilijiita 10/66 kwa sababu hiyo: takriban asilimia 66 ya wagonjwa walikuwa katika nchi zinazoendelea, ilhali chini ya asilimia 10 ya utafiti ndio uliofanywa huko.

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba za mradi wa STRiDE, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2018 hadi 2022, na kazi yake ya nyanjani nchini ilihusu kaunti ya Makueni, ambayo kwa kiasi kikubwa ni ya mashambani. Njiru ni mazingira tofauti. Katika sensa ya 2019, kaunti ndogo ya Njiru ilikuwa na watu 626,482, na familia zake zimetoka pembe nyingi za nchi. Anayeomba fedha za kufanya utafiti huko hana budi kueleza tofauti hiyo, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni lugha.

2.0 Suala la Jina

Tatizo la kwanza ni la istilahi. Neno "demensia" limetoholewa na halieleweki kwa wengi. "Usahaulifu" linaeleweka, lakini linahusu pia mtu aliyesahau funguo zake. "Kichaa" na "kurukwa na akili" ni maneno ya kufedhehesha. "Uzee" nalo huficha ugonjwa, kwani familia ikiamini kwamba ni uzee tu, haitatafuta msaada.

Fedheha hii ina mizizi katika utamaduni. Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno. Jamii inayomwona mzee kuwa hazina ya hekima hupata taabu kukiri kwamba hazina hiyo inavuja. Matokeo yake ni kuficha, na mficha maradhi kilio humfichua.

Kwa hiyo, pendekezo linaweza kutumia "demensia" kama istilahi ya kitaaluma, kisha likaeleza hali yenyewe kwa maneno ya kawaida kila linapozungumza na familia.

3.0 Suala la Hojaji

Swali "Je, mama yako ana ugonjwa wa akili?" litajibiwa kwa hasira au kwa kimya. Swali "Katika miezi 12 iliyopita, mama amewahi kupotea katika njia anayoijua?" linaweza kujibiwa bila aibu. Swali la pili linauliza tukio. La kwanza linataka hukumu.

Aidha, vipimo vya kumbukumbu vilivyobuniwa kwa ajili ya watu waliosoma humwonea mzee asiyejua kusoma. Mfano mzuri wa kulikabili tatizo hili ulitoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Utafiti uliochunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kiwango cha demensia kuwa asilimia 6.4. Baadaye kilitengenezwa kipimo kiitwacho IDEA, kinachomtaka mzee, pamoja na mambo mengine, kutaja wanyama kwa dakika moja na kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Hakihitaji kalamu wala karatasi.

Hata kipimo hicho hakiwezi kuhamishiwa Njiru hivihivi. Mzee aliyeletwa mjini na wanawe anaweza kuwa anafikiri kwa Kikamba au Kikuyu, huku mjukuu anayemtunza akizungumza Sheng. Akishindwa kutaja wanyama kwa Kiswahili, je, amesahau wanyama au hakuwahi kuyazoea majina yao? Mtafiti asiyejiuliza hivyo atahesabu upungufu wa lugha kuwa upungufu wa kumbukumbu. Mzima ataitwa mgonjwa, na takwimu zitapotoka.

4.0 Ridhaa na Bajeti

Utafiti nchini Kenya unahitaji kibali cha NACOSTI, tume iliyoundwa kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, pamoja na idhini ya kamati ya maadili. Kwa mgonjwa wa demensia, ridhaa iliyotolewa Jumatatu huenda isikumbukwe Ijumaa. Inafaa maelezo yawe mafupi, yasomwe kwa sauti katika lugha ya mzee, na ridhaa iombwe upya kila ziara. Mzee akigeuza uso, hilo nalo ni jibu.

Kazi hizi zote zina gharama. Bajeti ionyeshe waziwazi:

(a) tafsiri ya hojaji, na tafsiri ya pili ya kuirejesha katika lugha ya awali ili kulinganisha maana;
(b) majaribio ya hojaji kwa wazee wachache kabla ya utafiti wenyewe;
(c) wakalimani wa lugha za kwanza za wazee;
(d) nauli na fidia ya muda wa walezi;
(e) mkutano wa kurudisha matokeo kwa wakazi.

Mfadhili akikuta vipengele hivi bila maelezo, huvikata kwanza. Vikifungamanishwa na usahihi wa takwimu, kama ilivyoonyeshwa katika sehemu ya 3.0, vinapata utetezi.

5.0 Hitimisho

Mpango wa Shirika la Afya Duniani uliopitishwa mwaka 2017 kuhusu demensia uliweka utafiti kuwa eneo lake la saba la utekelezaji. Mlango huo haujawekwa kwa madaktari pekee. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyesomea isimu, tafsiri na ukalimani ana ujuzi unaohitajika tangu ukurasa wa kwanza wa pendekezo. Ni wajibu wa idara za Kiswahili kuwatayarisha wanafunzi kuketi na watafiti wa afya wakati ombi linapoandikwa. Wakiitwa baadaye kutafsiri tu, maswali mabaya yatakuwa yamekwisha kupitishwa, na mzee wa Njiru ndiye atakayeyajibu.