Anayefanya mazoezi anahitaji usingizi kiasi gani?

Wapo wanaoamini kuwa mtu wa mazoezi huwa imara kiasi kwamba saa nne za usingizi zinamtosha. Wengine husema mwenye kazi za sulubu hawezi kuridhika mpaka alale mchana kutwa. Wote wamekosea.

Mazoezi hufanya nini?

Kadiri mtu anavyokaa macho, ndivyo kemikali iitwayo adenosini inavyojikusanya katika ubongo na kumletea uzito wa usingizi. Kuushughulisha mwili huuongeza uzito huo. Kwa hiyo mwenye mazoezi ya kila siku hupitiwa na usingizi mapema, hagutuki ovyo, na hupata zaidi ule usingizi mzito ambao mwili hutumia kujirekebisha.

Hapo ndipo penye faida: usingizi unakuwa bora. Lakini haja yake haipungui. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7, afanye mazoezi au asifanye. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12.

Mfano tunao nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapima Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ambao hutembea sana kutafuta chakula, pamoja na jamii mbili za Namibia na Bolivia. Walilala kwa wastani wa saa 5.7 hadi 7.1 tu. Hata hivyo, muda wa kujilaza mpaka kuamka ulikuwa saa 6.9 hadi 8.5. Ina maana kazi nyingi haikuwafanya walale kupita kiasi, wala hawakujinyima muda wa kulala.

Je, kilimo ni mazoezi?

Naam. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki. Mama anayepanda milima ya Ngara na ndoo kichwani, kisha akalima maharage, ameshazifikisha. Anachohitaji ni kupumzishwa, basi na watoto wakubwa wamsaidie kazi za jioni. Lakini muuza duka wa Biharamulo mjini, fundi cherehani, au dereva wa lori anayepita Lusahunga na Benaco hukaa kutwa. Hawa watembee kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Asiyeweza kutoka anaweza kuruka kamba uani.

Panga usiku wako

Kwetu jua huzama karibu saa 1 jioni, nusu saa hivi baada ya Dar es Salaam, na Isha huingia kama saa 2. Alfajiri huingia karibu saa 11 na nusu. Aliyelala saa 4 anapata saa 7 na nusu. Aliyebaki na simu au televisheni hadi saa 6 amebakiwa na saa 5 na nusu, na mazoezi hayatamfidia. Inajulikana kuwa Mtume (s.a.w.) hakupenda mazungumzo baada ya Isha. Qailula ya dakika 20 mchana nayo husaidia.

Dereva azingatie zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 hupungukiwa na wepesi wake kama aliyekunywa pombe. Aliyeamka Alfajiri hufikia saa 17 ifikapo saa 4 na nusu usiku. Asiendelee na safari. Aegeshe gari alale.

Tahadhari

Mtu aliyelala vya kutosha, lakini akawa anasinzia mchana wiki baada ya wiki, asiambiwe ni mvivu. Ikiwa pia ana homa au kichwa kinamuuma, na huingia maporini kwenye mbung'o, kama upande wa Burigi, apelekwe hospitali akapimwe malale na malaria. Malale yasiyotibiwa huua, na huko mazoezi hayasaidii kitu.

Tuushughulishe mwili mchana, tuupe haki yake usiku. Wabillahi tawfiq.