Mwani, Utando na Sumu: Istilahi za Kiswahili na Usalama wa Maji ya Ziwa

Utangulizi
Mji wa Laare, katika Kaunti ya Meru, hauna ziwa. Hata hivyo, bwawa lolote lililotulia, likipata jua na samadi, laweza kutanda kijani kama itandavyo Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu. Makala haya yanachunguza majina ambayo Kiswahili huipa hali hiyo, kwa kuwa jina lisilofaa humpotosha mtumiaji wa maji.

Chanzo cha utando
Ghuba ya Winam ni mkono wa Ziwa Victoria usio na kina kirefu. Mito kama Nyando na Sondu huiletea udongo na mbolea kutoka mashambani, nayo miji huongeza majitaka. Fosforasi na naitrojeni zilizomo huvirutubisha viumbe vidogo viitwavyo sayanobakteria. Vikizidi, kisha vikafa na kuoza, oksijeni hupungua na samaki hufa. Baadhi yavyo, hasa jamii ya Microcystis, hutoa maikrosistini, sumu inayodhuru ini.

Tatizo la istilahi
Kwa mazoea, viumbe hivi huitwa mwani. Lakini Unguja na Pemba mwani ni zao la baharini, hulimwa na kuuzwa ng'ambo. Isitoshe, sayanobakteria ni bakteria, si mwani halisi. "Uchanuaji wa mwani" nao ni tafsiri sisisi: kinachochanua ni ua, na ua halimtishi mtu. "Mfumko wa sayanobakteria" ungefaa darasani, kwani msomaji amekwisha kuzoea "mfumko wa bei". Kijijini, "utando wa sumu" ungeonya mara moja.

Maana na uhai
Wito wa "chemsha maji" hulenga vijidudu, kama vile vya kipindupindu. Maikrosistini haiharibiwi kwa kuchemshwa; tena moto hupasua seli na kuiachilia majini. Mnamo Agosti 2014, watu wapatao 500,000 wa Toledo, Marekani, na viunga vyake walikatazwa kunywa maji ya bomba yatokayo Ziwa Erie, wakaonywa wasiyachemshe.

Hitimisho
Yafaa, basi, Kiswahili kitenge "vijidudu" na "sumu", na "maji yaliyochemshwa" na "maji salama". Mwanaistilahi anayelitenda hilo hulinda afya sawa na mhandisi wa maji.