Kabla Hujakaa Meza ya Ishirini na Moja

Wengi huketi kwenye meza ya blakijeki wakidhani kazi yao ni kufikisha 21. Sivyo. Kazi ni kumshinda mgawaji, na hata 13 yako hushinda yeye akipita 21.

Hesabu ya mchezo haisumbui. Karata za 2 hadi 10 huhesabiwa kwa namba zake, mfalme, malkia na ghulamu kila mmoja ni 10, na ree ni 1 au 11, kwa namna itakayokufaa. Kopa, uru, shupaza au pau ni mamoja. Waliozoea arubastini wasahau turufu.

Unaweka dau, unapewa karata mbili. Mgawaji anaonyesha yake moja tu. Ukitaka nyingine, gonga meza kwa kidole. Ukitosheka, pitisha kiganja juu ya karata zako. Kusema tu hakutoshi, kwa sababu kamera za juu zinarekodi ishara. Karata zilizogawiwa wazi usiziguse, na fedha ya kubadilisha iweke mezani, usimkabidhi mgawaji mkononi.

Mgawaji mwenyewe hana hiari. Akiwa na 16 au pungufu lazima avute. Akifika 17 husimama, ingawa meza nyingine humlazimu kuvuta iwapo 17 hiyo ina ree ya 11. Tuseme una 10 na 2, naye anaonyesha 6. Usivute. Karata yake ya pili ikiwa 10, ana 16, na ya tatu ikiwa 6 au zaidi amekwisha. Angeonyesha 10, ungevuta.

Kasino inapata wapi basi? Kwenye zamu. Wewe unatangulia, ukipita 21 dau linachukuliwa palepale, hata kama mgawaji naye atapita baadaye. Mkilingana, unabaki na dau lako. Ndiyo maana anayecheza kwa ufundi kamili, kwenye meza yenye masharti mazuri, bado hupoteza wastani wa takriban nusu shilingi kwa kila shilingi 100 anazoweka.

Masharti husomwa kwenye kitambaa cha meza. Ree na karata ya 10 kwa mkupuo wa kwanza ndiyo blakijeki yenyewe. Kwa dau la shilingi 10,000, meza ya 3 kwa 2 hukulipa 15,000. Ya 6 kwa 5 hukulipa 12,000. Hiyo ya pili ipite tu.

Mgawaji akionyesha ree, utaulizwa kama unataka bima: nusu ya dau, inayolipa 2 kwa 1 akiwa na blakijeki. Lakini karata za thamani ya 10 ni 16 kati ya 52, haifiki theluthi, na malipo hayo yanahitaji theluthi kamili ili usipate hasara. Ikatae, hata kama umeshika 20.

Mlangoni utadaiwa kitambulisho: Tanzania umri ni miaka 18, Uganda ni 25.