Makaburi ya Misri na makaburi ya Sanga: nini inaenda pamoja na mutu?

SOMO KWA WAAMINI WOTE

Maandiko ya kusoma kwanza: Mwanzo 50:1-14 na 22-26, Kumbukumbu 26:12-14, 1 Timoteo 6:6-8, Waebrania 11:22.



Tunaposoma Biblia tunakuta jina la Misri mara nyingi sana. Abrahamu alishuka kule wakati wa njaa. Yosefu aliuzwa kule. Musa alifundishwa akili yote ya Wamisri (Matendo 7:22). Bwana Yesu mwenyewe, akiwa mutoto mudogo, alifichwa kule ili Herode asimuue. Lakini wengi wetu tunajua jambo moja tu juu ya Misri: Farao na moyo wake mugumu. Leo tujifunze namna watu wale walivyoishi, na mambo waliyosadiki juu ya kifo. Kisha tutarudi hapa kwetu Katanga, kwa sababu wazee wetu wa zamani nao waliacha makaburi, na makaburi yale yanatufundisha.

1. MAISHA YA WAMISRI

Mvua ni kidogo sana katika inchi ya Misri. Watu waliishi kwa maji ya muto Nile. Kila mwaka muto ulijaa, ukafunika mashamba na kuacha udongo mweusi wenye nguvu. Maji yalipopunguka, walipanda ngano na shayiri. Chakula chao cha kila siku kilikuwa mukate, bia ya shayiri, vitunguu na samaki. Muto ulipokosa kujaa, njaa iliingia. Ndiyo sababu katika ndoto ya Farao ng'ombe wale wanono na wale wakondefu walitoka mutoni (Mwanzo 41).

Juu ya watu wote alikuwa Farao. Hawakumuhesabu kama mutu tu. Walisema ni mwana wa mungu wao. Chini yake walikuwa wakubwa wa serikali, makuhani na makarani. Karani aliheshimiwa sana, kwa maana watu wachache tu walijua kuandika. Kisha maaskari na mafundi. Chini kabisa walikuwa walimaji, nao ndio waliokuwa wengi.

Tusisahau tena jambo hili: Misri iko Afrika. Katika karne ya 8 na ya 7 mbele ya Kristo, wafalme weusi wa Kush, ndiyo inchi ya Sudani ya leo, walitawala Misri yote. Mumoja wao ni Tirhaka, ambaye jina lake limeandikwa katika 2 Wafalme 19:9.

2. MAMBO WALIYOSADIKI JUU YA KIFO

Wamisri walikuwa na miungu mingi: Ra wa jua, Osiri mufalme wa wafu, Isi bibi yake, na wengine wengi. Lakini walijua ya kuwa mutu hamaliziki udongoni. Walisema kuna safari kisha kifo, na kwa safari ile mwili unapaswa kuchungwa usioze. Walitoa matumbo na mapafu, wakakausha mwili kwa chumvi ya namna fulani, wakaufunga kwa vitambaa. Moyo waliuacha ndani. Kazi ile ilikamata siku nyingi. Biblia inatuambia kwamba kwa Yakobo walitumika siku 40, na Wamisri wakamulilia siku 70.

Ndani ya kaburi waliweka chakula, nguo, viti, vitu vya zahabu. Waliweka hata sanamu ndogo ndogo za watu, ili zitumike shambani kwa pahali pa mwenye kaburi kule anakoenda.

Walisema tena kwamba kule kuna hukumu. Moyo wa mutu unawekwa katika mizani, na upande mwingine unyoya wa ndege, ndio alama ya haki na kweli. Mutu anapaswa kusema kwamba hakuiba, hakuua, hakusema uongo, hakuzizi watu njaa. Moyo ukiwa muzito kwa ubaya, munyama mukali anaumeza.

Wandugu, tuangalie vizuri hapa. Wapagani wale walijua ya kuwa moyo utapimwa. Lakini walifanya nini? Walitengeneza hirizi ya jiwe, wakaiandika maneno, wakaiweka juu ya kifua cha maiti ili moyo usimushitaki mwenyewe siku ya hukumu. Hawakutafuta kuusafisha moyo. Walitafuta kuunyamazisha. Na sisi je? Mutu anaishi miaka mingi katika chuki na ndugu yake, na siku ya kilio tunasimama mbele ya sanduku na kusema mazuri tu. Maneno yetu yanaweza kuwadanganya watu wa kilio. Mungu hadanganyiki.

3. NJAA YA WAJENGAJI

Farao Kufu alijengewa kaburi la mawe, karibu miaka 2500 mbele ya Kristo. Urefu wake kwenda juu ulipita metre 140. Wafalme waliomufuata nyuma sana walichimbiwa makaburi ndani ya milima, upande wa magaribi ya muji wa Tebe. Mafundi wa kazi ile walikaa na jamaa zao katika kijiji kimoja, na serikali iliwalipa kwa ngano na shayiri.

Katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses wa 3, zaidi kidogo ya miaka 1150 mbele ya Kristo, mushahara ule ulichelewa. Siku zilipita, watoto wakasikia njaa. Mafundi wakaacha vyombo vyao, wakatoka, wakaenda kukaa karibu na nyumba za miungu, wakasema hawarudi mpaka wapewe chakula. Karani mumoja aliandika habari ile, na karatasi yake ingaliko mpaka leo.

Hapa Lubumbashi hatuna lazima ya kueleza sana. Jamaa nyingi zinajua maana ya kungoja mushahara usiokuja. Lakini tuone ubaya wenyewe: kaburi la mufalme lilitengenezewa zahabu, na yule anayelichimba alikosa unga. Wafu walishiba, wazima walilala na njaa.

Na zahabu ile ilienda wapi? Miaka 40 hivi nyuma, chini ya Ramses wa 9, watu walihukumiwa kwa sababu ya kuvunja makaburi na kuiba. Karibu makaburi yote ya wafalme yaliibwa tangu zamani. Lile la kijana Tutankamoni, lililofunguliwa mwaka wa 1922, lilikutwa na mali yake karibu yote. Kwa miaka zaidi ya 3000 kitu chochote hakikuondoka pale kumufuata mwenyewe.

4. WAZEE WETU WA SANGA

Sasa turudi kwetu. Sanga tunayosema hapa si kabila la Wasanga. Ni pahali kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba ambamo muto Lualaba unapita, upande wa Haut-Lomami. Katika miaka ya 1957 na 1958, na tena mwaka wa 1974, wenye elimu walichimba pale wakakuta makaburi mengi ya zamani. Kwa kuhesabu pamoja na pahali pengine pa bonde lile, makaburi yaliyochimbuliwa yanapita 200. Mengi ni ya karne ya 8 mpaka ya 14, na mengine ni ya nyuma kuliko hapo. Ni kusema, wakati ambapo muzungu hajafika kamwe katika inchi hii, watu walikuwa wakiishi, wakitumika, na kuzika wafu wao kwa heshima.

Walivua samaki, walilima, walifua chuma, walifinyanga nyungu nzuri sana. Shaba, ile wazee wetu wanaita mukuba, ilitoka upande huu wetu wa kusini, safari ya siku nyingi kwa miguu. Walikuta hata simbi za bahari ya mashariki, zilizopita mukono kwa mukono mpaka Lualaba. Ndani ya makaburi mulikuwa nyungu, majembe, mapete ya shaba, pembe za tembo zilizochongwa. Wakubwa waliwekewa shoka za heshima. Katika makaburi ya nyuma kulikutwa misalaba midogo ya shaba, ile iliyokuwa feza yao. Wengine waliiweka mikononi mwa maiti.

Jambo moja linatugusa zaidi. Watoto wadogo nao walizikwa na nyungu, na nyungu zile zilikuwa ndogo, kwa kipimo cha mutoto. Mama fulani alilia kule Sanga miaka 1000 iliyopita, na mufinyanzi alitengeneza nyungu inayotosha mikono midogo ile. Anayesema kwamba wazee wetu walikuwa watu wasio na upendo, aende kuangalia nyungu zile.

Basi, tuwaheshimu? Ndiyo. Mungu ametuamuru kuheshimu wababa na wamama. Tuwaombe? Hapana. Isaya 8:19 inakataza watu wazima kuulizia wafu. Kuheshimu ni jambo moja, kuabudu ni jambo lingine.

5. YANAYOTUPASA SISI

Nyungu za Sanga zilikutwa pale pale zilipowekwa, sawasawa zahabu ya Misri. Mutume Paulo anatufundisha kwamba hatukuleta kitu duniani wala hatuwezi kutoka na kitu. Kwa hiyo tunawaagiza wandugu mambo matatu.

La kwanza: feza ya dawa itangulie feza ya sanduku. Tunaona mara nyingi mugonjwa analala nyumbani siku nyingi, jamaa inasema haina kitu. Siku anapokufa, feza ya sanduku la bei kali, ya magari, ya nguo za kufanana na ya vinywaji inapatikana. Ilikuwa wapi? Kumbukumbu 26 inataka sehemu ya Mungu ipewe mugeni, yatima na mujane, wala isitolewe kwa mufu.

La pili: mali ya mujane na watoto yatima isiguswe. Wazee wa Sanga walimupa mufu nyungu zao. Leo kuna wanaotoka kwenye kilio na nyungu za mujane, na vitanda vya watoto, na karatasi za kiwanja. Waliokuwa hawajasikia Injili walitoa. Sisi tuliobatizwa tunanyanganya? Hata sheria ya jamaa ya mwaka wa 1987 inaweka watoto wa marehemu kuwa wa kwanza katika uriti, na mujane ana haki yake. Mwamini akifanya hivyo, wazee wa kanisa wamwite na kumuonya.

La tatu: tupatane tungali wazima. Moyo unasafishwa kwa toba na kwa damu ya Yesu, si kwa maneno mazuri juu ya kaburi.

6. MIFUPA YA YOSEFU

Yosefu alikufa Misri, akakaushwa kwa desturi ya Wamisri, akawekwa ndani ya sanduku. Lakini tumaini lake halikuwa katika sanduku. Aliagiza mifupa yake ipandishwe siku Mungu atakapowakumbuka Waisraeli, na Musa aliichukua (Kutoka 13:19).

Sisi wa Lubumbashi tunaelewa neno hili kuliko wengine. Papa Simon Kimbangu alihukumiwa mwaka wa 1921, akaletwa mbali na kwao, akafungwa katika gereza la Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alikaa kifungoni miaka 30, mpaka alipokufa tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka wa 1951. Alizikwa hapa kama mufungwa, bila zahabu, bila shoka ya heshima. Mwaka wa 1960, mwaka ule wa uhuru, mifupa yake ilichukuliwa mpaka Nkamba, kijiji chake. Mafarao walijaza makaburi yao, na wezi wakayamaliza. Yeye hakuwekewa kitu, na kazi yake haikuibwa na mutu.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Wamisri walifanya nini ili moyo usiwashitaki? Sisi tunafanya nini?
2. Nyungu ndogo za Sanga zinatufundisha nini juu ya wazee wetu?
3. Katika kilio cha mwisho cha eneo letu, mujane na watoto walibaki na nini? Nani amewatembelea tangu siku ile?

Wandugu, ulizo la tatu lisijibiwe kwa kinywa tu. Kila kikundi kichague mujane mumoja na kwenda kwake mbele ya ibada ya juma linalokuja. Bwana awe pamoja nanyi wote. Amina.