SOMO: GODORO LA MWENYE KUPOOZA

Soma kwanza: Marko 2:1-12

Sisi wa Singida habari hii twaielewa upesi kuliko wenzetu wa mijini, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa katika tembe. Paa la udongo hutoboka kwa jembe, kisha mwenye nyumba hubaki na kazi ya kuliziba kabla ya mvua. Wale watu wanne hawakuuliza hasara. Lakini leo tunataka kuuliza neno jingine: je, siku zote kabla ya siku ile, nani alikuwa akimgeuza mtu yule usiku?

Katika mtaa wetu mzee mmoja, mwimbaji wa kwaya, aliamka alfajiri akashindwa kuvaa viatu. Mkono na mguu wa kuume vilikuwa kama vya mtu mwingine, mdomo umekwenda upande, na alipotaka kumwita mkewe ilitoka sauti isiyo neno. Wengine walisema amepigwa na upepo mbaya, wengine wakamtaja jirani. Saa nyingi zikapita katika maneno hayo. Hatuandiki ili kumcheka mtu, maana sisi nasi tulikuwamo.

Ugonjwa huo ni kiharusi. Mshipa wa damu katika ubongo huziba au hupasuka, na sehemu iliyokosa damu huanza kufa. Jirani hana kosa; mara nyingi mwenye kosa ni shinikizo la damu, ambalo huenda na mtu miaka mingi bila maumivu yo yote. Tena si ugonjwa wa Wazungu. Wataalamu waliowahesabu wagonjwa nchini mwetu kati ya mwaka 2003 na 2006 walikuta, kwa kila watu 100,000, wagonjwa wapya wapata 109 kwa mwaka wilayani Hai, na 316 Dar es Salaam. Basi mdomo ukienda upande, mkono ukianguka, usemi ukikorogeka, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Mkoani kwetu ziko hata za makanisa: Kilimatinde, Itigi, Makiungu, Iambi.

Mzee wetu alirudi nyumbani hai, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Jumapili ya kwanza ua ulijaa watu. Mwezi wa tatu mama alikuwa peke yake. Alimgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda, naye mgongo wake ukaanza kuuma. Sisi tulikuwa tukimtaja mgonjwa katika maombi, tukifikiri tumekwisha kumtembelea.

Na tulipokwenda tulikosea. Tulimwinua kwa kuuvuta mkono uliolegea, kumbe bega lisilo na nguvu huteguka kwa kuvutwa hivyo. Tulimnywesha maji akiwa amelala, akapaliwa. Mgonjwa wa namna hii aketishwe wima, anyweshwe kidogo kidogo, na uji mzito huwa salama kuliko maji matupu. Alipolia bila sababu, mmoja wetu alimwambia aongeze imani. Neno hilo lilikuwa baya. Kilio cha ghafula, hata kicheko, huweza kutoka katika jeraha lenyewe la ubongo.

Lililotufundisha zaidi lilikuja bila kupangwa. Jioni moja vijana wa kwaya waliimba uani kwake, naye akaimba pamoja nao, maneno yote, ubeti hata ubeti, mtu ambaye jina la mkewe lilikuwa limemshinda tangu alfajiri ile. Mama aliweka chini chungu alichoshika. Tukadhani amepona, lakini wimbo ulipokwisha usemi ukamshinda tena, naye akapiga goti lake kwa hasira. Baadaye mganga wa hospitali alitueleza kwamba usemi kwa kawaida hukaa upande wa kushoto wa ubongo, ila wimbo wa zamani na sala zilizokaririwa huweza kubaki. Tangu hapo tulianza na wimbo, kisha nusu ya mstari, kisha neno moja.

Mkono nao ulipata shule yake. Alipewa karanga za kubangua, siku ya kwanza mbili tu. Kamba ilifungwa kati ya miti miwili uani, akajifunza hatua huku mtu akisimama upande wake dhaifu. Nguvu nyingi hurudi miezi ile ya kwanza, lakini mwaka wa pili pia mtu huweza kuongeza kidogo. Ziko siku alikataa kuinuka. Mama hakumgombeza, alimwachia siku hiyo, kesho yake akaileta sahani ya karanga tena.

Mkono wa kuume haujarudi wote, wala hatudhani utarudi. Huketi mwisho wa benchi la kwaya, fimbo miguuni. Zamu ya usiku, ili mama alale, bado inakosa watu siku za Jumatano na Ijumaa. Majina yapokewe na mzee wa kanisa baada ya ibada.